Njia ya sokoni isiwe mali ya mtu mmoja

Mwishoni mwa muhula uliopita alinitembelea nyumbani mama mmoja niliyemfunza hesabu na Kiswahili alipokuwa msichana mdogo katika shule ya msingi huko Machakos. Leo ni mzazi wa watoto wanne, na riziki yake huitoa katika kusuka na kuuza vyondo. Kwa muda wa miaka sita aliviuza kupitia soko moja la intaneti, ambalo jina lake silitaji kwa kuwa kisa hiki si cha soko hilo pekee. Alianza na kiondo kimoja, akapata mteja wa kwanza, kisha wa pili, hata akafikia kuwaajiri wanawake watatu wa kijijini mwake. Kila mteja aliyeridhika alimwachia nyota na neno la shukrani, na kwa nyota hizo wateja wengine wakamwamini.

Asubuhi moja alifungua simu yake akakuta duka lake halipo. Ujumbe mfupi usio na jina la mwandishi ulimwarifu kwamba amekiuka masharti. Ni sharti lipi, hakuambiwa. Alipoandika kuuliza, alijibiwa na mashine, na alipoandika tena, mashine ikarudia maneno yale yale. Wateja wake walikuwa wengi, lakini hakuwa na namba ya simu ya hata mmoja wao, kwa sababu soko lile lilimfichia. Nyota zake zote zilipotea pamoja na duka.

"Mwalimu," aliniuliza, "ile sifa niliyoichuma kwa mikono yangu ilikuwa mali ya nani?"

Nakiri kwamba siku ile sikuwa na jibu. Nimelitafakari swali lake tangu hapo, na leo ningependa kulijibu mbele ya walimu wenzangu na wanafunzi, kwa kuwa naamini wengi wa vijana tunaowafunza watakuja kuuza au kununua kwa njia hiyo hiyo.

Kwanza yafaa tuitazame tofauti iliyopo kati ya soko tulilolizoea na soko la intaneti. Katika soko la mjini, uwanja ni wa umma. Mchuuzi hulipa ushuru wake asubuhi, akatandika bidhaa zake, akauza. Akigombana na msimamizi wa soko hilo, anaweza kuhamia soko la pili, na jina lake jema huhama pamoja naye. Wateja wataulizana, "Yule mama wa vyondo siku hizi yuko wapi?" nao wataelekezwa. Lakini katika masoko makubwa ya intaneti, mwenye soko ndiye mwenye uwanja, ndiye mwenye barabara iendayo uwanjani, ndiye mwenye lango, mizani na daftari la wateja. Pengine yeye mwenyewe huuza bidhaa zake kando ya zile za wapangaji wake, na ndiye anayeamua ni bidhaa ya nani itakayotangulia kuonekana. Mgogoro ukizuka, yeye ndiye mlalamikiwa na yeye ndiye hakimu. Hiyo ndiyo kesi ya ngedere ambayo hakimu wake ni nyani.

Sisemi kwamba masoko hayo hayakuleta jema lolote. La hasha! Yamewawezesha watu wasiojuana kuaminiana kiasi cha kutumiana fedha. Yamempa mnunuzi aliye mbali uhakika kwamba kiondo kisipofika atarudishiwa pesa zake. Bila hayo, mwanafunzi wangu asingepata mteja wa nje ya Machakos. Ninachouliza ni kama mema hayo hayawezi kupatikana pasipo mtu mmoja kumiliki njia yote.

Nchi moja imejaribu kulijibu swali hilo kwa vitendo, nayo ni India. Sisi wa Afrika Mashariki hatuna sababu ya kuiona India kuwa mbali katika mambo ya biashara. Hadi mwaka 1920 fedha iliyotumika Kenya ilikuwa rupia. Hivyo si ajabu tukipeleka macho upande wa pili wa bahari ile ile iliyoleta majahazi.

India ina mamilioni ya maduka madogo ya mitaani, ambayo huko huitwa kirana. Biashara ya intaneti ilipopanuka, wengi wa wenye maduka hayo walijikuta nje. Mwaka 2018 kampuni ya Walmart ya Marekani ilinunua sehemu kubwa ya Flipkart kwa kiasi cha dola bilioni 16, na soko likawa uwanja wa mapambano baina ya Flipkart na Amazon. Wenye maduka walilalamika kwamba masoko hayo huwapendelea wauzaji wachache, na Januari 2020 tume ya ushindani ya India iliamuru uchunguzi ufanywe. Kampuni zote mbili zilikana lawama hizo.

Serikali ya India ingeweza kuishia kwenye mahakama na faini. Badala yake, wizara yake ya biashara ilichukua hatua nyingine vilevile. Tarehe 31 Desemba 2021 iliandikishwa kampuni isiyotafuta faida, iitwayo Open Network for Digital Commerce, kwa ufupi ONDC, jina ambalo naweza kulifasiri kuwa Mtandao Huria wa Biashara ya Dijitali. Miongoni mwa walioishauri ni Nandan Nilekani, mmoja wa waanzilishi wa kampuni ya Infosys, ambaye pia ndiye aliyeongoza mpango wa kuwapa Wahindi namba za utambulisho za Aadhaar. Majaribio yalianza Aprili 2022 katika miji mitano, ukiwemo Bengaluru, na mwishoni mwa Septemba mwaka huo huo wakazi wa Bengaluru wakafunguliwa mlango.

Je, mtandao huu hufanya kazi namna gani? Tuchukue mfano wa mwanafunzi mjini Bengaluru anayetaka kununua kamusi. Hufungua programu ya ununuzi aliyoizoea, akaandika anachotaka. Programu hiyo si lazima iwe na duka wala ghala. Hulituma ombi lake kwenye lango la mtandao, nalo lango hulipeleka kwa programu zote za wauzaji zinazohusika. Kila programu ya wauzaji huwasemea wenye maduka waliojiandikisha kwayo, nayo hujibu kwamba kamusi ipo, bei yake ni kadha, na inaweza kufika siku fulani. Mwanafunzi akishachagua, agizo humfikia mwenye duka kwa njia ile ile, na mchukuzi wa mzigo aweza kuwa kampuni ya tatu isiyo na udugu na hizo mbili. Lipo pia daftari la pamoja linaloorodhesha washiriki wote na funguo za kuhakiki sahihi zao za kidijitali, ili apokeaye ujumbe ajue umetoka kwa nani na kwamba haukuchezewa njiani. ONDC yenyewe haiuzi kamusi, wala haina pikipiki ya kubebea mzigo. Kazi yake ni kutunza kanuni ambazo wote hufuata wanapozungumza. Kanuni hizo zimejengwa juu ya itifaki iitwayo Beckn, ambayo imechapishwa wazi, na yeyote apendaye anaweza kuisoma.

Msomaji akiona jambo hili ni geni, nitamkumbusha kwamba amelitumia maisha yake yote. Mwaka 1874 mataifa yalikutana Bern, Uswisi, yakaunda umoja wa posta. Tangu hapo barua yenye stempu ya nchi moja hupokewa na posta ya nchi nyingine na kufikishwa kwa mwenyewe, ingawa posta hizo mbili hazina mmiliki mmoja. Simu nazo ni vivyo hivyo. Mwenye laini ya kampuni moja humpigia mwenye laini ya kampuni nyingine, na wala hatuoni ajabu. Lakini katika pesa za simu, sisi Wakenya tulingoja. M-Pesa ilianza mwaka 2007, na ilikuwa hadi 2018 ndipo mteja wa mtandao mmoja alipoweza kutuma pesa moja kwa moja hadi kwenye akaunti ya simu ya mtandao mwingine. Wenye maduka walingoja hadi 2022 ndipo namba zao za malipo zikaweza kupokea pesa za mteja wa mtandao wowote. Ukuta ule haukusimamishwa na ugumu wa ufundi pekee. Ulisimama pia kwa sababu haikuwa kwa faida ya aliye mkubwa kuubomoa.

Hapo ndipo lilipo jibu la kwanza la swali la mwanafunzi wangu. Katika mtandao wa namna ya ONDC, mwenye duka asiporidhika na programu iliyomsajili anaweza kujiunga na nyingine, na wanunuzi wakaendelea kumwona kutoka katika programu zao zile zile. Aliyemfungia mlango mmoja hawezi kumfungia mji mzima.

Hata hivyo, ningekuwa mwalimu mbaya kama ningeisifu dawa bila kutaja uchungu wake. Wenye umri wangu wanakumbuka jinsi katika miaka ya 1990 tulivyohubiriwa soko huria. Bodi zililegezwa, vizuizi vikaondolewa, na mkulima wa mahindi akaambiwa kwamba sasa yuko huru kumuuzia amtakaye. Uhuru aliupata, lakini lori hakuwa nalo, wala ghala, wala habari za bei za mjini. Mabroka waliokuwa navyo wakaja hadi shambani kwake na kununua kwa bei waliyoitaka. Tulijifunza kwa gharama kubwa kwamba kufungua lango si sawa na kumwezesha kila mtu kulipita.

India imeanza kukutana na somo hilo hilo. Kabla ya ONDC, nchi hiyo ilikuwa imeunda mfumo wa malipo uitwao UPI, ulioanza mwaka 2016, ambao huziunganisha benki na programu mbalimbali. Mafanikio yake ni makubwa mno. Agosti 2023 malipo yaliyopita humo katika mwezi mmoja yalivuka bilioni 10. Lakini ndani ya mfumo huo ulio wazi, programu mbili tu, PhonePe na Google Pay, zimebeba kwa miaka kadhaa zaidi ya robo tatu ya malipo yote. Mwaka 2020 wasimamizi walitangaza kwamba programu moja isizidi asilimia 30, na utekelezaji wa kanuni hiyo umeahirishwa zaidi ya mara moja, mara ya mwisho hadi mwishoni mwa 2026. Barabara ni ya wote, lakini mabasi yanayopita humo karibu yote ni ya matajiri wawili.

ONDC nayo ina majaraha yake. Mwaka 2023 wanunuzi wa chakula walishangilia bei za chini walizozikuta humo kuliko katika programu kubwa, lakini sehemu ya unafuu huo ilitokana na ruzuku, na ruzuku ilipopunguzwa baadhi ya wanunuzi waliondoka. Tatizo jingine ni la uwajibikaji. Embe likifika limeoza, nani alaumiwe: programu ya mnunuzi, programu ya muuzaji, mwenye duka, au mchukuzi? Katika soko la mmiliki mmoja, walau mlalamikaji anajua mlango wa kubisha. Katika mtandao wa wengi anaweza kuzungushwa kama mpira. Wenyewe ONDC walilitambua jambo hilo, wakaweka utaratibu wa kupokea na kupitisha malalamiko kutoka mshiriki hadi mshiriki. Lakini utaratibu ulioandikwa ni kitu kimoja, na mnunuzi kurudishiwa pesa zake ni kitu kingine.

Licha ya hayo yote, sioni sababu ya kukata tamaa, na mfano mmoja wanitia moyo. Novemba 2022 ilizinduliwa Bengaluru programu ya usafiri iitwayo Namma Yatri, ikishirikiana na chama cha madereva wa magari ya magurudumu matatu, yale ambayo sisi huyaita tuktuk. Wakati huo masoko makubwa mengine ya usafiri yalikuwa yakikata sehemu ya nauli ya kila safari. Namma Yatri haikati nauli. Baadaye iliweka ada ya rupia 25 kwa siku, na dereva akishailipa, nauli yote ya siku ile ni yake. Dereva anajua mapema atatozwa nini. Programu yenyewe imeandikwa wazi, na ikajiunga na mtandao wa ONDC. Jambo ninalolisisitiza hapa ni kwamba madereva walikuwa na chama chao, nao waliketi mezani tangu mwanzo. Kwa maoni yangu, hilo ndilo lililokosekana kwa mkulima wetu wa mahindi.

Sasa turudi nyumbani. Je, Kenya ingoje hadi ipate ONDC yake ndipo mama wa vyondo apate haki? Nasema hapana. Zana kadhaa tunazo tayari. Tangu mwaka 2011 sheria zetu zinamruhusu mwenye simu kuhamia kampuni nyingine na namba yake ile ile. Tulikubaliana kwamba namba ambayo jamaa na wateja wamekuzoea kwayo isiwe kamba ya kukufungia. Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019 ilikwenda mbele zaidi. Kifungu cha 38 humpa mtu haki ya kupewa data zinazomhusu, katika muundo unaosomeka na mashine, ili azipeleke kwingine. Kifungu cha 35 humlinda asiamuliwe na mashine peke yake katika jambo linalomgusa sana, isipokuwa katika hali zilizotajwa.

Visomeni vifungu hivyo viwili kwa makini, kisha mkikumbuke kisa nilichokianza. Mwanamke amefungiwa duka, pengine na mashine, na kujibiwa na mashine, huku sifa yake ya miaka sita ikizuiliwa. Wanasheria watabishana kama nyota alizopewa na wateja ni data zake au ni za mwenye soko. Mimi si mwanasheria, lakini naona kwamba sifa ya mtu haiwezi kuwa mali ya yule aliyemkodisha kibanda. Bunge letu na wasimamizi wa ushindani wangelifanya jambo hilo kuwa wazi: kwamba muuzaji anayefungiwa aelezwe kosa lake kwa maneno, asikilizwe na binadamu, na aondoke na rekodi ya kazi yake. Hayo hayahitaji mtandao mpya wala mabilioni ya fedha.

Kwa walimu wenzangu nina ombi. Mtaala wetu wa umilisi unautaja ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi wa kimsingi. Nimeona madarasa ambamo ujuzi huo umefasiriwa kuwa ni kujua kubofya na kujua majina ya programu. Majina hayo yatabadilika kabla watoto hawa hawajamaliza shule. Kinachodumu ni kanuni, na kanuni hufundishika hata pale ambapo hakuna kompyuta.

Jaribuni zoezi hili. Ligawanyeni darasa katika makundi ya wanunuzi, wauzaji na wachukuzi, na bidhaa ziwe vipande vya karatasi. Katika duru ya kwanza, mteueni mwanafunzi mmoja apokee maombi yote na majibu yote, na mumruhusu atoze apendavyo na kumfungia amtakaye. Katika duru ya pili, muondoeni, na makundi yakubaliane kuhusu fomu moja ambayo kila ombi, kila jibu na kila agizo litaandikwa kwayo. Kisha waulizeni wanafunzi: duru ipi ilikwenda upesi zaidi? Nani alipata faida? Bidhaa iliyopotea ililipwa na nani? Nawahakikishia kwamba katika duru ya pili watagombana sana kuhusu fomu ile, na ugomvi huo ndio somo lenyewe. Watakuwa wametambua kwamba anayeandika fomu ana nguvu kama anayemiliki uwanja.

Nanyi wanafunzi, hasa mlio katika shule za upili na vyuo, msiridhike kuwa watumiaji tu wa vitu vilivyobuniwa na wengine. Itifaki ya Beckn haikufungiwa kabatini, na sheria yetu ya data haikuandikwa kwa siri. Anayeweza kusoma zote mbili na kuzieleza kwa lugha ya mchuuzi wa Gikomba au mvuvi wa Lamu atakuwa na kazi ya maana katika nchi hii kwa miaka mingi ijayo.

Na mwanafunzi wangu wa Machakos? Alirudi kwangu wiki mbili baadaye, nikampa jibu langu. Nilimwambia kwamba sifa ile ilikuwa yake, lakini aliiweka amana kwa mtu ambaye hakumwandikia stakabadhi. Nikamshauri afanye mawili. La kwanza, aandike rasmi kwa ofisi ya serikali inayosimamia ulinzi wa data, akivitaja vile vifungu viwili kwa namba zake. La pili, yeye na wale wanawake watatu wamtafute kila msukaji wa eneo lao, waunde kikundi, na wawe na daftari lao wenyewe la wateja, ili siku soko lililo wazi litakapofika Kenya wasiingie mmoja mmoja.

Malalamiko ameyaandika, na hadi leo anangojea jibu. Daftari wamelinunua, na lina majina kumi na manne.